Mashua Zilizoelekea Ukuta

Kuna watu waliofilisi kampuni kwa wizi, kwa ulevi, kwa kuoa wake wengi. Mimi nilikaribia kuifilisi moja kwa usafi. Nilizifuta hesabu zake zote alasiri moja, bila kugusa karatasi, bila kumwaga wino, shingoni nimevaa tai, na jioni yake nikala chakula kwa hamu kubwa.

Ilikuwa Nairobi, mwishoni mwa miaka ya sitini. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka Mombasa kuja kukaa kwa mjomba wangu aliyekuwa na duka la kamba, turubai na misumari katikati ya mji. Mchana nilimsaidia mjomba kupima kamba. Jioni nilikwenda darasa la uwekaji hesabu, ghorofa ya tatu ya jengo moja ambalo lifti yake ilikuwa ya mapambo tu. Mwalimu wetu alitwambia kwamba nchi mpya haiwezi kujengwa na watu wanaoweka pesa chini ya godoro. Nikamwamini mpaka mifupani. Nikanunua tai mbili, moja ya kuvaa na moja ya kubadilisha.

Siku moja akaingia dukani mama wa Kizungu, mjane, kununua turubai. Alikuwa na yadi kule Karen, mahali ambapo watu huweka mashua zao kwa kulipia kila mwezi. Alikuwa akilalamika kwamba mambo yake ya malipo ni ya kizamani, hajui nani amelipa na nani hajalipa, benki inamcheka. Mjomba, ambaye hakuwahi kupitwa na nafasi ya kujisifu, akanishika bega. "Huyu mpwa wangu anasomea hesabu. Kwao Mombasa."

"Mombasa?" mama yule akasema kwa kile Kiswahili chao cha jikoni. "Basi yeye najua boti."

Mtu mwenye haya angesema ukweli. Ukweli ni kwamba nililelewa chini ya meza ya cherehani ya mama yangu, na chombo pekee nilichowahi kupanda ni feri ya Likoni, safari ya dakika chache, na humo nilitapika kwenda na nikatapika kurudi. Lakini niliinyoosha tai yangu nikasema, "Sana, Madam."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi.

Yadi yenyewe ilikuwa shamba la nyasi, geti mbele, ukuta mrefu wa mawe nyuma, nyumba ya Madam upande mmoja nyuma ya miti. Na juu ya nyasi, zimekaa kwenye matrela yao, mashua arubaini na moja, maili mia tatu kutoka baharini. Wenyewe walikuwa Wazungu na matajiri wachache wa Kihindi, ambao mara moja moja waliivuta mashua nyuma ya gari mpaka Naivasha, au Pwani wakati wa likizo, kisha wakairudisha ilale miezi. Watu waliopita njiani kwenda kazini walikuwa wakisimama getini kutazama. Mmoja aliniuliza kwa upole kama tumepata habari zozote kuhusu gharika.

Msimamizi wa yadi alikuwa mzee kutoka magharibi, upande wa ziwa. Alikuwa mrefu, mtaratibu, mwenye mikono mipana, na kwa kweli yeye ndiye aliyezijua mashua, kwa maana alikulia ndani yake. Alikaa Kabiria na mkewe, akija kila alfajiri kwa baiskeli, na Jumapili aliimba sauti ya chini kanisani. Asubuhi ya kwanza nilimsalimu kama nilivyofunzwa kwetu. "Shikamoo, mzee."

Akasimamisha baiskeli. "Hiyo ni nini?"

Nikamweleza kwamba ni salamu ya heshima, na kwamba mkubwa hujibu marahaba. Akaijaribu kimoyomoyo, kisha akaitoa kwa sauti yake ya kanisani mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Aliipenda. Kila asubuhi baada ya hapo alikuwa akichelewachelewa getini, anajifanya anapangusa baiskeli, mpaka nifike nimpe shikamoo yake, naye aijibu, ndipo siku ianze.

Nilimpa kwa wiki mbili. Wiki ya tatu Madam aliniwekea meza barazani, akanipa na mhuri wa mpira wenye jina la kampuni. Tangu siku hiyo kichwa kilinivimba. Nikaanza kusema, "Habari ya asubuhi, mzee," kama nilivyosikia makarani wa mjini wakisema. Akajibu, "Mzuri, karani," akaenda zake. Mimi niliona hayo ni maendeleo.

Sasa nieleze jinsi pesa zilivyokusanywa kabla sijafika kuziokoa. Wenye mashua walikuja mwisho wa wiki, wakampa mzee pesa mkononi. Mzee akazitia ndani ya mkebe wa majani ya chai. Jumamosi jioni akaupeleka mkebe kwa Madam, Madam akahesabu, akaandika jumla yake katika daftari moja, basi. Hakuna jina, hakuna risiti, hakuna mwezi. Nilipofungua daftari lile siku ya kwanza niliona safu ya majumla, moja chini ya nyingine, tangu enzi za ukoloni. Nilicheka peke yangu. Nilimhurumia yule mama. Nikamhurumia na mzee pia, ambaye bila shaka, nilijiambia, alikuwa akibahatisha tu.

Mpango wangu ulikuwa mzuri, na mpaka leo nitautetea. Kila mashua ingepakwa namba. Kila namba ingekuwa na kadi. Kadi zingepelekwa kila mwezi katika ofisi moja mjini yenye mashine kubwa ya hesabu, aina ile iliyosoma kadi zilizotobolewa matundu, na mashine ingechapa bili arubaini na moja, zitiwe katika bahasha zenye kidirisha, zipigwe stempu, ziende posta. Wenye mashua wangetuma hundi. Hakuna mkono kugusana na mkono. Nilimweleza Madam jambo hili kwa nusu saa, nimesimama, nikitumia neno "sistimu" kila sentensi.

Alinisikiliza vizuri sana. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Akasema kwamba kama pesa zitakuja kwa posta, hakuna haja ya mzee. Askari mmoja na mbwa watatosha, tena kwa bei nafuu. Akanipa miezi mitatu. Kama sistimu ikifanya kazi, mzee atakwenda nyumbani, na sehemu ya mshahara wake itaongezwa kwenye wangu.

Nikasema, "Ndiyo, Madam." Sikusema kitu kingine. Ningeweza kuuliza, mzee yule amekaa hapa miaka mingapi? Ningeweza kusema kuna kazi nyingine anayoiweza. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuuhesabu mshahara. Na kesho yake nilimtazama mzee usoni, nikamwomba anisaidie kutafuta rangi nyeupe na brashi.

Kitu kimoja kilinikera sana pale yadini. Mashua hazikupangwa. Nyingine ziliangalia geti, nyingine ziliangalia ukuta, nyingine zilisimama katikati ya uwanja na migongo yao kwa watu, na tatu au nne zilikuwa zimesukumwa mpaka pua zinagusa mawe, na mbele ya geti pakabaki pembe tupu. Zilionekana kama vitu vilivyoachwa na watu waliokimbia. Mimi, mtoto wa fundi cherehani, nilizoea pindo lililonyooka. Ungepakaje namba kwenye vurugu ile? Kwa siku mbili nilizunguka na kijitabu, nikaandika rangi ya kila mashua, urefu wake, na jina la mwenyewe kama mzee alivyonitajia. Mzee alinifuata nyuma, ananitazama nikiandika, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Siku ya tatu nikatoa amri. Mashua zote zipangwe mistari minne iliyonyooka, zote ziangalie geti.

"Zote ziangalie geti?" mzee akauliza.

"Zote."

"Hata ile ya daktari?"

"Hata ya daktari."

Akavua kofia. "Na ile ya bwana meja, ile iko kwa ukuta kabisa?"

"Mzee," nikasema, na nasikia haya kuiandika sauti niliyoitumia, "mashua ni mashua."

"Una hakika, karani? Umeandika yote?"

"Nimeandika yote. Katika sistimu mpya mtu hahitaji kukumbuka. Namba inakumbuka."

Akavaa kofia yake. Yeye na vibarua wanne walisukuma, wakavuta, wakazungusha matrela tangu saa saba mpaka magharibi. Mimi nilisimama juu ya jiwe na kamba ya mjomba, nikihakikisha mstari umenyooka. Ilipokwisha, jamani, ilipendeza. Pua arubaini na moja zote zimeelekea getini kama watoto wa shule kwenye paredi. Madam alitoka barazani akapiga makofi. Ndiyo ile jioni niliyokula kwa hamu.

Asubuhi nilikaa mezani na kadi zangu mpya. Kwenye kila kadi palikuwa na nafasi ya kuandika deni la nyuma, kwa sababu mashine isingeweza kuanza bila kujua nani anadaiwa miezi mingapi. Nikamwita mzee. "Niletee kile kitabu chako."

"Kitabu gani?"

"Cha nani amelipa na nani hajalipa."

Mzee alivua kofia. Halafu akanishika mkono, kwa upole kabisa, akanishusha ngazi za baraza mpaka uwanjani, akanisimamisha mbele ya mistari yangu minne.

"Kitabu ilikuwa hapa," akasema. "Jana umefunga."

Sikuelewa mara moja. Alinieleza taratibu, kama unavyomweleza mtu aliyeamka kutoka homa. Mwenye mashua akilipa, mashua yake inageuzwa inaangalia geti, tayari kutoka. Asipolipa mwezi mmoja, inazungushwa inaangalia ukuta. Miezi miwili, inasogezwa mbele. Miezi mitatu, pua inagusa jiwe, na nyingine zinapangwa nyuma yake zimzibe njia. Mtu akija Jumamosi na bibi yake na watoto na kikapu cha chakula, akaona boti yake imeangalia ukuta na rafiki zake wote wanaona, analipa hapo hapo bila kuambiwa neno. Mzee hakuwahi kumdai mtu kwa mdomo tangu aanze kazi.

"Lakini ulikuwa unaandika," akasema. "Siku mbili nimeona unaandika. Nimejua umeandika hii."

Nikafungua kijitabu changu. Buluu, futi kumi na nne. Nyeupe na mstari mwekundu, futi kumi na sita. Mzee akachungulia, akasoma herufi mojamoja, akasema tu, "Rangi."

Maji yalinifika shingoni, na kama mjuavyo mimi si mtu wa maji.

Ningemwambia Madam siku ile ile, hadithi hii ingekuwa fupi na ya kuchekesha tu. Badala yake, bila hata kumuuliza mzee anakumbuka nini, nilifanya ujanja. Niliamua kumpelekea kila mtu bili ya miezi mitatu, wote arubaini na moja. Nilijiambia waliolipa watalalamika, wasiolipa watanyamaza, na kwa njia hiyo nitawajua. Mwalimu wa ghorofa ya tatu hakuwahi kutufundisha juu ya binadamu. Walilalamika wote. Wale waliolipa walikuja na hasira, na wale wasiolipa walikuja na hasira zaidi. Daktari alisema hajawahi kutukanwa hivi. Bwana meja alisema alilipa kabla sijazaliwa. Padri mmoja mwenye mashua ndogo ya kijani aliandika barua ya kurasa mbili, ya huzuni.

Madam aliketi barazani na rundo la barua, uso umemwiva. Kisha akafikia uamuzi wake mwenyewe, nami nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Kama watu wote hawa wanasema wamelipa, na pesa hazimo daftarini, basi kuna mtu amezila. Na mtu aliyeshika mkebe alikuwa mmoja tu. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu; alisema ataita polisi Jumatatu ijayo.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pangu pa kusema. Sentensi moja tu: Madam, ni mimi niliyegeuza mashua. Niliifungua midomo, nikaona tai yangu, nikaona ngazi ya ghorofa ya tatu, nikamwona mjomba akiwasimulia wateja wake juu ya mpwa wake meneja. Nikaifunga. Nilinyamaza Jumatatu mpaka Ijumaa. Ijumaa nilikwenda msikitini nikaomba dua ndefu, ya kweli kabisa, kwamba Mungu amwokoe mzee kwa njia yoyote ile isiyohitaji mimi kuzungumza.

Mzee mwenyewe ndiye aliyejiokoa. Alikwenda kwa Madam akamwomba asubuhi moja, Jumamosi, na wenye mashua wote waitwe. Madam akakubali, nadhani kwa kutaka kuona mwizi anavyojieleza.

Wakaja. Waliegesha magari mpaka barabarani. Walisimama kwenye nyasi na kofia zao, na mimi nikiwa na meza ndogo na kadi zangu, kwa maana Madam alisema niandike kila litakalosemwa. Mzee alivaa suti yake ya kanisani. Alianza mwanzo wa mstari wa kwanza. Aligusa kila mashua, akasimama kidogo, kisha akawaambia vibarua, "Hii iwache." Au, "Hii geuza."

Hakuwa anabahatisha. "Hii ya mama huyu," akasema, "alilipa mwezi wa jana, alikuja na mtoto amefungwa mkono. Iwache. Hii ya padri imelipwa, alileta sarafu tupu, zilikuwa nzito. Iwache. Hii ya daktari, geuza. Miezi mbili." Daktari akatazama viatu vyake. Mashua moja moja zilizunguka na kutupa mgongo, mbele ya mke wa mtu, mbele ya jirani wa mtu, na watu wazima wakaanza kupapasa mifuko kabla hata mzee hajamaliza kutaja miezi.

Bwana meja peke yake ndiye aliyebisha. Alisema mzee ni mwongo. Mzee akavua kofia. "Bwana, mara ya mwisho ulikuja kwa mvua. Gari yako ilipata pancha pale geti. Mimi nilibadilisha gurudumu. Ulisema, mzee, pesa yote iko kwa koti ingine, nitaleta wiki kesho. Memsahib alikuwa ameshika mwavuli. Muulize."

Kila mtu akamgeukia mke wa meja. Yule mama alivuta pumzi, akafungua pochi yake, akalipa mwenyewe.

Kufikia saa sita mchana mashua zilikuwa zimerudi katika ile vurugu yao, na kwa mara ya kwanza niliweza kuisoma. Ilikuwa wazi kabisa. Mtoto angeisoma. Madam alimpa mzee mkono mbele ya watu wote akasema amekosea. Mimi nilikuwa nimeinama naandika. Nilikuwa na kadi arubaini na moja, kila moja na namba yake, jina lake, na deni lake mpaka mwezi ule. Sistimu ilikuwa imekamilika.

Bili za mwezi uliofuata zilitoka mjini safi, katika bahasha zenye kidirisha, na hazikuwa na kosa hata moja. Hundi zikaanza kuja kwa posta. Mwezi wa tatu Madam alitimiza neno lake. Alimwita mzee barazani, akamshukuru sana, akampa mshahara wa mwezi mmoja na taa ya karabai. Mimi nilipata nyongeza. Nikanunua tai ya tatu.

Siku aliyoondoka alikuja mezani pangu kuniaga. Nilitaka kuonyesha kwamba mimi pia nina moyo, nikamuuliza, "Mzee, ile Jumamosi, ulijua kwamba nikimaliza kuandika zile kadi kazi yako imekwisha?"

"Nilijua. Bibi yangu pia alijua. Alisema, ukitoa yote iko kwa kichwa, watakuacha. Nikamwambia, nisipotoa, watasema mimi ni mwizi." Alisimama akiishika taa yake kwa mikono miwili. "Sasa jina yangu na kazi yangu, nichague gani?"

Nikauvuta mhuri karibu, nikachukua bahasha.

"Wewe ungesema tu," akaongeza. "Neno moja. Ningebaki na zote mbili."

Akashuka ngazi. Alipofika getini alisimama, akaanza kupangusa baiskeli yake, ambayo ilikuwa safi. Alipangusa usukani, akapangusa kiti, akarudia usukani. Nilikuwa nikipiga mhuri bahasha. Nilijua vizuri anachongoja, na sikuinuka. Baadaye nilipotazama tena hakuwapo.

Basi, sistimu yangu iliishi miaka michache. Wenye mashua walianza kuhama nchi mmoja mmoja, mashua zikauzwa, Madam naye akauza shamba akaenda kwao. Pale pakajengwa nyumba. Mimi nilipata kazi ya ukarani mjini, nikaoa, na zile kadi zangu zenye matundu mke wangu alizitumia kuandikia vitu vya dukani, sukari, unga, mafuta ya taa, mpaka zikaisha. Nadhani huo ndio utumishi bora zilioutoa.

Miaka ya sabini ilikuwa imekwisha shika njia siku nilipokwenda Soko la Kenyatta kununua nyama, nikagongana na mke wa mzee kwenye foleni. Alinijua kabla sijamjua. Akaniambia mzee yuko nyumbani Kabiria, miguu imechoka, lakini kichwa kizima. "Anakuuliza," akasema. "Kila mtu wa Mombasa akisikika kwa redio, anauliza, yule karani yuko wapi?"

Nilizunguka wiki tatu nikitafuta sababu za kutokwenda, na mimi ni hodari wa sababu. Jumapili ya nne nilinunua sukari na majani ya chai, nikavua tai, nikaenda.

Nyumba ilikuwa ya mabati, safi, na mlango wazi. Mzee aliketi kwenye kiti chake karibu na meza, fimbo magotini, na ile taa ya karabai ikining'inia juu yake. Kulikuwa na viti vinne. Vitatu viliitazama meza. Cha nne kilikuwa mwisho wa chumba, kimegeuzwa kimeangalia ukuta, karibu kabisa, magoti ya mtu yangegusa.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Hakujibu. Alinyoosha fimbo yake akanionyesha kile kiti.

Mkewe akapiga kelele. "Baba, wacha mambo yako! Mgeni ni mgeni!" Lakini mzee hakushusha fimbo, na mimi nilikuwa nimeelewa. Nikaenda nikaketi. Mbele yangu palikuwa na kalenda ya mwaka uliopita yenye picha ya ng'ombe. Mama akaniletea chai kwa kuzunguka, akicheka na kuomba radhi, akanishikisha kikombe mkononi kwa sababu pa kukiweka hapakuwa. Nyuma yangu mzee alikuwa kimya. Hajawahi kumdai mtu kwa mdomo.

Kwa hiyo nilimwambia ng'ombe wa kalenda. Nilisema kwamba nilijua tangu siku ya kwanza kwamba atafukuzwa, nikanyamaza kwa ajili ya nyongeza ya mshahara. Nilisema kwamba Madam alipomwita mwizi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake na ulimi ninao. Nilisema ni mimi niliyegeuza mashua, si yeye aliyekula pesa, na kwamba neno hilo nimelibeba miaka yote hii, na lilikuwa jepesi tu, lingetoka kwa pumzi moja. Nikasema nisamehe, mzee. Nilikuwa nikilia, na chai inamwagika gotini.

Nikasikia fimbo ikiwekwa chini. Nikasikia anavyoinuka, kwa shida, akipumzika katikati. Kisha ile mikono mipana ikashika mgongo wa kiti changu. Mkewe akamwambia angoje, aite kijana wa jirani amsaidie, na mzee akasema hapana. Akavuta. Kiti kikakwaruza sakafu na mimi juu yake na kikombe changu, kidogo kidogo, kama trela kwenye nyasi zenye umande, mpaka kikazunguka chote, nikauona mlango wazi, na njia, na jua la Kabiria nje.

Alisimama pale akihema, mkono mmoja begani kwangu.

"Marahaba," akasema.